Vitabu Vinne Njiani Kwenda kwa Skola

Tangu nirudi mmekuwa mkipita kibandani kwangu mmoja mmoja, mnajifanya mmeleta gauni la kupunguza, kumbe mnataka habari. Nimechoka kuitoa vipande vipande. Nimekaa nimeiandika yote, msome kwa zamu kama tunavyosoma vitabu vya kapu letu. Na kama mgeni atalishika karatasi hili, ajue kwamba kapu lenyewe ni la ukindu, linakaa chini ya cherehani yangu hapa Songea. Mwenye kitabu hukitia humo, asiye nacho huazima. Safari hii nilichukua vinne kwa mpigo, na najua mmeninung'unikia.

Niliitwa. Kondakta wa basi la Mbinga alisimama mlangoni asubuhi nikiwa natia uzi kwenye sindano.

"Fundi Bernadeta, dada yako wa ziwani anakuita. Kasema usikawie."

"Anaumwa?"

"Mimi nimeambiwa hivyo tu, mama."

Akaondoka bila hata kuomba maji, na kondakta yule hajawahi kupita kwangu bila kuomba kitu.

Skola ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Tulizaliwa Mapera, kule milimani Mbinga, na yeye ndiye aliyenifundisha kusoma tukiwa tunalinda kahawa juani isitawanywe na kuku. Aliteremka ziwani kuolewa na Mwalimu Wilfredi, Mwanglikana, nasi Wakatoliki, na baba yetu alinuna mpaka alipochoka. Sasa, mnajua desturi yetu. Mtu hapewi habari ya kifo akiwa njiani. Huambiwa "unaitwa", hulishwa, husindikizwa, mpaka afike aone mwenyewe. Vifo hutangazwa redioni, lakini redio yangu ilikuwa haina betri tangu mwezi uliopita. Nilifunga mlango, nikatia vitabu mfukoni pamoja na kanga mbili, na hofu ikapanda basi pamoja nami.

Songea hadi Kitai

Kitabu cha kwanza kilikuwa ile riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho. Kile ni mali ya shemeji Wilfredi mwenyewe. Alikipata kwenye rundo la mitumba, akanikabidhi akicheka. "Shemeji, soma upesi uniambie muuaji ni nani. Mimi nimeshamjua." Tulikiweka kapuni, tukakizungusha, na siku ile sikuwa nimempa jibu.

Mliokisoma mnakumbuka. Mzee tajiri anakutwa amekufa kitini, kikombe cha chai mkononi, na kila mtu wa nyumba ile ana sababu ya kumchukia. Mpelelezi hamwangalii anayekasirika. Anamwangalia anayekuwa mwema kupita kiasi. Nakisifu kitabu hiki kwa jambo moja, kwamba ile chai imeandikwa mpaka unasikia tangawizi. Lakini si kitabu cha kumpa mtu aliyeitwa na dada yake. Kufika Kitai nilikuwa nimekwisha kuwa mpelelezi.

Hapo Kitai basi lilivunjika springi. Dereva akasema ni kazi ndogo, na sote tukajua tutakula chakula cha mchana pale. Niliingia kwa mama mmoja wa chakula, wali na maharage, akaniuliza naelekea wapi.

"Ziwani, kwa Mwalimu Wilfredi. Mkewe ni dada yangu."

Upawa ukasimama hewani. "Wewe ndiye Bernadeta? Fundi wa Songea?"

"Umenijuaje?"

"Aa, nimekisia tu." Akageukia sufuria nyingine, akaniwekea mapande matatu ya nyama ambayo sikuagiza. Nilipotoa hela akanirudishia mkono. "Kula, dada. Safari ni ndefu."

Mwanamke anayepikia wasafiri Kitai hakatai hela. Jina langu amelisikia wapi? Nililijua jibu na sikutaka kulijua: redioni hutajwa marehemu, kisha hutajwa ndugu wanaopaswa kupata habari. Ile nyama niliigeuza geuza sahanini mpaka fundi alipomaliza springi.

Mbinga, nikisubiri gari

Mbinga niliikuta imefurika. Ni msimu wa kahawa, na tangu soko lifunguliwe anayenunua si chama cha ushirika peke yake. Kila mwenye mizani na gari ni mnunuzi. Maduka yamejaa sabuni, baiskeli na vitenge ambavyo zamani tulivipangia foleni, muziki unalia kila kona, na gari la kwenda ziwani hakuna. Malori yote yamepanda vijijini kufuata kahawa. Nikalala gesti, nikaamka, nikalala tena.

Humo ndimo nilimofanya kosa la kufungua kitabu cha pili, kile cha afya ya nyumbani chenye picha. Pasaka iliyopita Skola aliniambia miguu inamvimba jioni. Nilifungua kwenye miguu kuvimba. Kikaniuliza kama mgonjwa anahema kwa shida akipanda mlima. Nani hahemi akipanda mlima? Kikanipeleka kwenye moyo, moyo ukanipeleka kwenye figo, na kila ukurasa ulikuwa ukimzika dada yangu kwa namna yake. Baadaye nikaanza kujipima mapigo mimi mwenyewe. Kwa maoni yangu ni kitabu kizuri kwa mtu mzima wa afya aliye na mganga jirani. Mwingine yeyote asikiguse.

Nilitoka nje kupata hewa, na pale penye mizani ya mnunuzi mmoja nikamwona Mzee Ndunguru, jirani yetu wa Mapera, rafiki wa marehemu baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu Berna. Pole na... umeshasikia?"

"Nimesikia nini, baba?"

Mzee alitazama gunia lake. Akatazama viatu vyake. "Kwamba siku hizi kahawa ananunua yeyote," akasema.

Ningeweza kumwuliza pale pale: Skola yu hai? Swali lilinifika kwenye meno. Lakini kumwulizia mtu kifo ni kama kumwitia, na sisi tumelelewa hivyo. Nikabaki namsikiliza akieleza bei kwa sauti isiyo yake. Alipomaliza aliliacha gunia lake kwenye foleni, akanishika mkono kama mtoto na kunipeleka kwa dereva wa lori la Mbamba Bay. "Huyu ni binti yangu," akamwambia. "Mfikishe." Mzee wa Kimatengo kuacha foleni ya kahawa kwa ajili ya kunitafutia usafiri! Niliogopa wema ule kuliko vile ambavyo ningeogopa tusi.

Kushuka mlima

Tulikaa juu ya magunia ya mahindi na katoni za sabuni, wanawake watano na wanaume kadhaa. Pembeni milima yetu imechimbwa ngolo mpaka kileleni, yale mashimo ya kulimia yaliyopangwa mistari, na chini yake kuna mabonde ambayo ukiyatazama tumbo linakwenda kabla yako. Kila kona kali utingo anaruka na gogo mkononi, tayari kuliweka nyuma ya gurudumu. Mwanamke mmoja mnene, mwuza samaki, alikuwa ameshika rozari tangu tulipoondoka.

"Wewe mwenye vitabu," akasema, "tupe hadithi basi. Rozari yangu nimeimaliza mara mbili na bado hatujafika."

Nikawapa riwaya ya mapenzi, ile yenye jalada la msichana na taa, ambayo nyote mnajua niliitukana. Msichana anamngoja mchumba aliyekwenda migodini, haandiki, hatumi salamu, mwisho msichana anaolewa na mdogo wa huyo mchumba, kisha harusini mchumba anatokea. Kitabu kile nilipokisoma peke yangu nilimwona msichana kama mjinga. Juu ya lori kilikuwa kitu kingine kabisa.

"Asiyetuma salamu anangojwa wa nini?" akauliza mwuza samaki.

"Mimi ningemchukua yule mdogo mtu siku ya kwanza," akasema msichana mmoja. "Yupo, anaonekana, ana nyavu zake."

"Hana nyavu. Kitabuni ni karani."

"Basi ningemwacha."

Tulicheka, na kwa muda ule nilisahau. Hapo ndipo dereva alipopiga kelele, "Shikeni!" Breki zilikuwa zimekataa. Lori lilikimbia lenyewe, magunia yakatutupa huku na huku, nikamwona utingo akikimbia kando na gogo lake, kisha tukagonga ukingo wa mlima kwa ubavu na kusimama. Vumbi likatufunika. Hakuna aliyeumia zaidi ya kuchubuka. Nilijikuta nimemkumbatia yule mwuza samaki, na yeye kanikumbatia.

"Unakwenda kwa nani, mwenzangu?" akaniuliza alipopata sauti.

"Kwa Mwalimu Wilfredi. Mimi ni Bernadeta, ndugu yake Skola."

Mikono yake ikalegea. Akanifuta vumbi usoni kwa kanga yake, polepole, kama anayefuta mtoto. Dereva na utingo walitengeneza breki hadi jua likapungua ukali, tukapanda tena, na hakuna aliyeniomba mwisho wa hadithi. Walinipa nafasi ya mbele, karibu na kibini, penye mtikisiko kidogo. Nilikaa hapo nikilia kimya kimya, na wote wakatazama upande mwingine.

Majini

Mbamba Bay kulikuwa na harufu ya usipa, vile vidagaa vya ziwani, unaokauka mchangani. Yule mwuza samaki alinitafutia boti ya mashine iliyokuwa inaelekea upande wa Liuli, akanibebea mzigo mpaka majini na kukataa nisimsaidie. Upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuvuma. Mimi ni mtu wa milimani. Maji nayapenda kwenye ndoo.

Boti ilipanda wimbi na kuanguka, ikapanda na kuanguka. Mbali, juu ya ziwa, nikaona moshi mweusi umesimama wima kutoka majini hadi mawinguni. Maji yanaungua? Nilimshika nahodha shati.

"Kuna nini pale?"

"Wadudu, mama," akasema bila kugeuka. "Wadudu wa ziwa, wanatoka majini wakiwa wengi vile. Wakifika pwani tunawakamata, tunawakaanga. Watamu."

Niliogopa wadudu kama nilivyoogopa nyama ya Kitai. Nilipokuwa nimekata tamaa ndipo nilipofungua kitabu cha nne, ile diwani ya mashairi ambayo hakuna mmoja wetu aliyewahi kuifikisha nusu. Tuliisema kwamba inarudia rudia. Ni kweli inarudia. Kibwagizo kinarudi kila ubeti, na kwenye boti nikagundua kazi yake: wimbi linakuangusha, nawe unajua kuna maneno yanakungoja kule chini. Nilisoma kwa sauti ya juu, upepo ukinipokonya nusu ya mistari, na nahodha akawa ananiitikia kibwagizo ingawa hajakiona kitabu. Nawaomba radhi watunzi wote wa mashairi.

Kwenye mji wa Skola

Tulipozunguka mwamba wa mwisho niliona watu. Wanaume wamekaa nje kwenye viti na magogo, wanawake kwenye mikeka. Mji wa Skola umejaa watu siku ya kazi. Basi.

Kilichofuata mmeshakisikia kwa midomo ya wengine, nataka mkisikie kwangu. Ndugu akikaribia penye msiba hupaswa kulia kwa sauti, aanzie mbali, watu wajue amefika mwenye uchungu. Asipolia ni aibu isiyofutika. Lakini kumlilia mtu aliye hai, kwa jina lake, ni uchuro ambao hata kuutamka naogopa. Nilisimama mchangani miguu imeloa, sijui nifanye lipi. Kisha nikakumbuka jina langu kwenye mdomo wa mama wa Kitai, nikakumbuka Mzee Ndunguru na viatu vyake, na mwuza samaki na kanga yake. Kila dalili ilionyesha kitu kimoja. Nikapaza sauti.

"Skola we! Skola, dada yangu, umeniachia nani!"

Nilipanda ule mchanga nikilia jina lake, mikono kichwani. Watu wakainuka. Na mlangoni, amefungwa kitambaa cheupe kichwani, macho yamevimba, akatokea Skola.

Nilishusha mikono kichwani. Nikamtazama kuanzia kitambaa hadi miguu, ile miguu yake iliyovimba, imesimama, ina kivuli. Na kabla akili haijanifikia, kinywa changu kilipiga kigelegele. Kirefu, cha harusi. Katikati ya msiba wa shemeji yangu Wilfredi.

Ndiyo, ni yeye. Dalili nilizisoma sawasawa zote, maiti ndiye niliyemkosea. Watu wote wale wa njiani walimsikia yeye redioni, na mimi nikatajwa kama shemeji wa marehemu.

Mwanamume mmoja alisema, "Huyu anashangilia nini?" Aliyeniokoa ni Bibi Agnesi, shangazi yake Wilfredi. Alikwenda jikoni, akarudi na majivu kiganjani, akanipaka uso mzima mpaka nikapiga chafya.

"Mwacheni," akasema kwa sauti ya kusikika hadi ziwani. "Huyu ni shemeji ya marehemu. Mtani wake amefika. Mlitaka matanga ya Wilfredi yaishe bila mtani?" Wanawake wawili watatu wakacheka, na kicheko kile kikanifungulia njia ya kumfikia dada yangu. Tulishikana tukalia, safari hii kwa ajili ya aliyekufa kweli.

Alasiri ya chai

Wilfredi alirudi kutoka shuleni, akakaa kwenye kiti chake barazani, akasema amechoka, akaomba chai. Skola alipotoka nayo alimkuta amekwisha kwenda. Hakuwa ameumwa hata kichwa. Walikuwa wameshamzika nilipofika.

Na hapo ndipo hofu yangu ilipobadilika sura. Nilikuwa nimeogopa kumkuta Skola amekufa, sasa niliogopa kumwacha hai mahali pale. Kwa sababu baba mkubwa wa marehemu, Mzee Hezroni, aliyekuja kusimamia matanga, alikuwa anauliza. Hakugomba. Aliuliza kwa upole, kila siku, kila aliyekuja kukaa karibu naye. Mtu mzima hana ugonjwa, amekufaje? Alikuwa amekula wapi? Na ile chai, alikuwa ameionja au hakuwa ameionja? Tangu afike hakutia kinywani chochote kilichotoka kwenye moto wa Skola. Binti yake alimletea chakula kutoka nyumba ya pili. Wengine waliona, na baadhi wakaanza kufuata. Skola alikuwa mgeni kati yao, mtu wa milimani, asiye wa kanisa lao, hana mtoto wa kumkingia kifua. Tunajua sote maneno ya namna ile yakishaiva huishia wapi. Nilikuwa sili, nikahesabu nani amekula na nani hakula.

Alasiri moja, watu wamekaa barazani, Skola akaniambia, "Berna, kile kitabu cha mwenzangu umekuja nacho?"

Nilikitoa kwa hofu. Nilimnong'oneza, "Si kitabu cha kusoma hapa, dada. Una habari mle kuna nini?"

"Nina habari. Alinisomea chote. Soma kuanzia pale wanapokusanywa."

Nikasoma. Nilisoma jinsi mpelelezi alivyowakusanya watu wa nyumba ile, na kikombe cha chai kikiwa mezani mbele yao, na jinsi alivyowageukia mmoja mmoja. Mzee Hezroni alikuwa ameinama mbele, mkono kwenye sikio. Nilifika kwenye mstari wa mwisho uliobaki, pale mpelelezi anaponyoosha kidole, na kurasa zikaisha.

"Nani?" akauliza Mzee Hezroni. "Kamnyooshea nani?"

"Zimechanika, baba," nikasema. "Hakuna ajuaye."

"Wilfredi alijua," akasema Skola.

Watu wote walimgeukia. Alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, mikono mapajani.

"Alisema hakuna aliyemwua. Yule mzee alirudi amechoka, akakaa, akafa. Mimi nikambishia, nikamwambia kitabu kizima kingeandikwa cha nini. Akacheka. Akasema wasomaji hamwezi kumwacha mtu afe tu, lazima mtafute mkono. Aliyasema hayo pale," akaonyesha kile kiti cha barazani, ambacho tangu kifo hakuna aliyekikalia. "Na mimi nilikuwa namletea chai. Kila siku nilimletea chai pale, baba, tangu mniozeshe kwake."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa sababu hilo ndilo jibu nililokuwa nikidaiwa na shemeji, na sikulijua.

Mzee Hezroni alikitazama kile kiti. Kwa jirani wanawake walikuwa wakigeuza usipa kwenye vichanja. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, kuanzia juu hadi chini.

"Mwanangu," akamwambia Skola, "na mimi niletee chai."

Skola aliinuka akaenda kubandika birika. Mzee alikunywa yote, akaomba kikombe cha pili, na wengine nao wakaanza kuomba, mpaka sukari ikatuishia na Bibi Agnesi akaenda kukopa kwa jirani.

Nilikaa naye mpaka matanga yalipoondolewa. Vitabu vitatu nimevirudisha, viko kapuni. Cha afya nimekifunga kwa uzi, afunguaye ajilaumu mwenyewe. Kile cha upelelezi msinidai. Nimekiacha juu ya kiti cha mwenyewe.